Barafu Niliyoiacha Mlimani

Vijana wangu, wiki iliyopita mmoja wenu hapa mtaani kwetu Buyenzi alinicheka. Alinisikia nikimwambia jirani kwamba nilifanya kazi ya afya miaka yangu yote, akaniuliza, "Mzee Shabani, we ulikuwa muganga lini? Si ulikuwa fundi wa mafriji?" Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa na haki yake. Sijawahi kumchoma mtu sindano. Damu nikiiona nageuza uso. Hata kuku wa Idi nyumbani kwangu huchinjwa na shemeji yangu, na mke wangu hulisimulia hilo kwa kila mgeni.

Lakini friji zangu zilikuwa za chanjo, zile zinazokaa kwenye vituo vya afya huko milimani, mbali na lami. Mama anambeba mtoto mgongoni, anapanda na kushuka vilima vitatu, anafika anaambiwa friji imekufa, chanjo hakuna, rudi siku nyingine. Huyo mama harudi. Ana shamba, ana wengine nyumbani, ana miguu miwili tu. Kituo kipo, muuguzi yupo, ukuta umepakwa chokaa, na kwake ni sawasawa na kama hakuna kitu. Ndiyo maana nasema nilifanya kazi ya afya. Nilitaka kumjibu hivyo yule kijana, lakini kelele zilikuwa nyingi, nikaona bora niandike.

Kazi nilifunzwa na Mzee Sefu, karakana yake ilikuwa hapa hapa Buyenzi, imebanwa kati ya gereji mbili. Wenzetu kushoto na kulia walikuwa weusi kwa grisi, sisi tulikuwa watu wa baridi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa, na aliamini kwamba fundi anayeongea sana hasikii mashine. Mimi naongea sana, kwa hiyo mnaweza kukisia jinsi alivyonisema.

Zamani hizo milimani hakukuwa na umeme, na friji za huko zilitumia petroli, yaani mafuta ya taa. Friji ya namna ile haina mota. Chini yake kuna taa ndogo yenye utambi, moto unapasha bomba, na maji ya dawa yaliyomo ndani yanachemka, yanapanda, yanashuka, na kwa uwezo wa Mungu juu panapatikana baridi. Mzee Sefu aliponieleza mara ya kwanza kwamba moto unaleta baridi nilidhani ananidhihaki. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Friji hizo zilikuwa na ugonjwa wao. Zikitikiswa sana kwenye lori, au zikisimama upande kwa muda mrefu, ile dawa ya ndani inajikusanya mahali pasipo pake na baridi inakatika, ingawa moto unawaka vizuri kabisa. Fundi mgeni atafungua kila kitu asione kosa. Mzee Sefu alinipa tiba yake siku moja, kahawa mkononi.

"We Shabani, sikia. Iyo friji iko kama mutu amelewa. Usimupige, usimufungue. Umupindue kichwa chini, umuache alale. Kesho umusimamishe, ataamuka muzima."

Nilikwenda kituo kimoja cha mlimani nikafanya alivyosema. Niliitoa friji nje, nikaipindua miguu juu, nikatandika mkeka kando yake nikajilaza. Muuguzi mkuu wa pale alikuwa Goreti, dada mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekulia Bwiza, mtaa wa jirani, Kiswahili chake kama chetu. Watu wote pale walimwita Muganga. Alitoka kwenye chumba cha kujifungulia, akaiona friji yake imepinduliwa na fundi amelala.

"Fundi, umeiua ao unaiombea?"

"Muganga, inapumuzika."

"Na weye?"

"Na mi napumuzika nayo."

Akarudi ndani kwa mgonjwa wake. Kesho yake friji iliposhika baridi, alikuja mwenyewe na birika la chai na viazi vitamu vya kuchoma. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuaminiana, na ndiyo sababu yale niliyomfanyia baadaye yaliniuma kuliko kama ningemfanyia mtu mwingine.

Kabla sijafika huko, nichomeke mawili matatu ya kazi, maana najua kuna kati yenu wanaosoma kwa ajili hiyo. Friji ya petroli isimame sawa. Kama huna kipimo, weka glasi ya maji juu yake uangalie maji yameinamia wapi, kisha tia kibao chini ya mguu. Utambi ukatwe kwa mkasi mkali, mkato mmoja, la sivyo moto unapata pembe na pembe inatoa masizi. Moto uwe bluu. Ukiwa wa njano unachafua bomba, na baada ya siku chache una jiko la moshi lenye mlango mweupe. Mafuta uyamimine kwanza kwenye chupa inayoonyesha, usubiri, uone kama chini kuna maji, kwa sababu kuna wauzaji wasiomwogopa Mungu. Na kila ukifika kituoni, fungua mlango kabla ya salamu. Ukianza na salamu, watapata muda wa kutoa vyao. Humo ndani nimewahi kukuta samaki mukeke watatu, nimekuta mguu wa mbuzi, na kituo kimoja nilikuta Fanta zimepangwa vizuri kuliko chanjo. Kila mlango unapofunguliwa kwa ajili ya Fanta, baridi ya mtoto wa mtu inatoka. Niliwaambia hivyo, wakaniona mchoyo.

Sasa niingie kwenye kosa langu.

Hapa mjini fundi wa friji anapimwa kwa barafu. Nyinyi wenyewe mnajua. Mtu akileta friji Buyenzi, ukimaliza kuitengeneza unaweka ndani kikombe cha bati chenye maji. Ukikuta kimekuwa jiwe, mwenye friji anakigonga kwa ukucha, anakigeuza, anawaita na majirani waone. Muuza juisi anataka barafu, muuza samaki anataka barafu. Hakuna aliyewahi kuja kwetu akasema, fundi, nipunguzie baridi. Nilikua na fikra hiyo moja kichwani, kwamba baridi zaidi ni kazi bora zaidi, na Mzee Sefu alikuwa na fikra hiyo hiyo.

Nilipanda kwa Goreti kufanya matengenezo ya kawaida. Yeye hakuwepo, alikuwa ameshuka mjini kumzika baba yake, na angekaa wiki mbili. Kituo kilikuwa mikononi mwa msaidizi wake, binti mwenye moyo mzuri ambaye kazi ile ilikuwa bado mpya kwake. Nilisafisha bomba, nikabadilisha utambi, nikapandisha moto hadi nikaridhika, nikaweka kikombe changu cha bati. Asubuhi kilikuwa jiwe. Nikakitoa kile kipande cha barafu nikawapelekea akina mama waliokuwa kwenye foleni, wakakipitisha mkono kwa mkono. Mtoto mmoja alikilamba akalia, akina mama wakacheka. Nilimwambia yule msaidizi, "Mwanangu, ukiona barafu, ujue friji iko na afya." Nikateremka mlima nimejaa furaha kama bwana harusi.

Sikujua jambo moja, na hapa naomba mnisikilize sawasawa. Chanjo zote zinachukia joto, hilo kila mtu analijua. Lakini ziko ambazo baridi kali inaziua kabisa, na ya pepopunda ni mojawapo. Ikiganda mara moja, imekwisha. Itayeyuka, utaivuta kwenye sindano, rangi ni ileile, na mwilini haina kazi. Friji ya chanjo inatakiwa ikae kati ya digrii mbili na nane. Barafu ambayo mjini ni sifa, kule ilikuwa msiba. Kuuliza si ujinga, tunasema, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijiona fundi.

Goreti aliporudi alifungua friji, kisha akanipigia simu.

"Shabani, kuja."

"Kuna nini, Muganga?"

"Apana kwa simu. Kuja."

Nilipofika hakunipa kiti. Alikuwa ameweka mezani chupa mbili ndogo za chanjo ya pepopunda. Moja ilitoka kwenye friji yangu. Nyingine ilikuwa mpya, imeletwa siku ile ndani ya kisanduku cha baridi. Alizitikisa zote mbili kwa pamoja, akaziweka mbele yangu, akaniambia nitazame nisiseme kitu. Tukakaa. Ile mpya ilibaki na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Ile ya friji yangu ikaanza kutengana. Vipande vyeupe vikashuka vikakaa chini, na juu pakabaki maji maangavu matupu.

"Lakini friji iko muzuri," nilisema. Nawaambia ukweli, hilo ndilo lililonitoka kwanza. "Nilifanya kazi yangu bien."

"Friji iko muzuri. Dawa njo imekufa."

Kisha akaniambia lililobaki. Katika zile wiki mbili siku ya chanjo ilipita, na wanawake wajawazito walichomwa kutoka kwenye chupa zile. Wengi wao walikuwa na mimba changa, muda wa kuwachoma upya ulikuwepo. Mmoja wao ndiye aliyemnyima Goreti usingizi, naye aliitwa Konsolata.

Konsolata alikuwa amezaa mara mbili nyumbani, na mara mbili amezika. Kila mtoto alizaliwa mzima, analia, ananyonya vizuri. Siku ya nne au ya tano anaanza kushindwa kukamata ziwa. Mdomo unafunga, mwili unakakamaa kama ubao, na siku ya saba hayupo. Hiyo ndiyo pepopunda ya watoto wachanga, inaingia kwa kitovu kilichokatwa na kitu kichafu, na sindano ya mama, inayochomwa mara mbili, inamkinga mtoto kabla hajazaliwa. Majirani wao walisema nyumba ile ina jambo. Goreti alikwenda kwake kwa miguu mara tatu kumbembeleza aje kuchomwa, na mara ya tatu ndipo akakubali. Alikuja, akachomwa maji yangu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu kwa miaka mingi. Nilimshauri Goreti tunyamaze. Nilisema, waite tu, uwaambie ni ya pili, uwachome iliyo nzima, nani atajua? Nilisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayetoa ushauri mzuri. Nilikuwa naogopa. Niliogopa jina langu lisichafuke milimani na mjini, niliogopa Mzee Sefu asije akasikia.

Goreti hakupandisha sauti.

"Konsolata aliniuliza, Muganga, iyi sindano ni ya kweli? Nikamuambia ni ya kweli. Sasa we unataka nimudanganye kwa kusudi? Atahesabu amemaliza mbili, na kumbe ana moja. Na siku watajua, Shabani, na watajua, hakuna mama atakanyaga hapa tena. Hata wa surua. Hata wa kuzaa. Watabaki kule juu na watoto wao."

Nikainamia mfuko wangu wa vifaa.

"Mi nitasema dawa," akamaliza. "We utasema friji."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, na siku ile ndipo nilipolielewa.

Tulitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba. Mnaojua nchi yetu mnajua kule hakuna kijiji cha kukusanya watu kwa kupiga filimbi. Kila nyumba iko peke yake na migomba yake, na kutoka moja hadi nyingine unashuka bondeni kisha unapanda. Goreti alitembea mbele na viatu vya plastiki, mimi nyuma napumua kama mvukuto. Tukifika, anabisha kwenye ua, tunakaribishwa, anaeleza habari ya dawa. Kisha anageuka kunitazama, na mimi nasema, "Friji niliitengeneza mimi. Nilitia baridi kupita kiasi. Kosa ni langu." Nyumba ya kwanza sauti ilinitoka kama ya kifaranga. Ya sita nilikuwa nimezoea, ingawa kuzoea si kupona.

Kwa Konsolata alitupokea mumewe, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Alitoa kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija, kwa desturi yao, maana mtu aliyekuja na neno zito anyweshwe kwanza. Mimi Mwislamu nikasema asante, situmii. Akaguna. Alisema kwa Kirundi, nami nawaandikia kwa Kiswahili chetu, "Mtu anakuja kuomba msamaha, na hataki kunywa nasi?" Nilishikwa na aibu ya namna mpya. Goreti akamweleza dini yangu. Yule bwana akafikiri, akaingia ndani, akatoka na sahani ya maharage na ndizi iliyotosha watu wanne, akaniwekea mimi peke yangu. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo adhabu na ndiyo suluhu. Nililamba sahani.

Konsolata alikuwa amekaa pembeni anapepeta maharage, tumbo la miezi sita. Alitusikiliza hadi mwisho, mikono haikusimama.

"Mara ya kwanza mlisema inamlinda mtoto," alisema. "Leo mnasema yalikuwa maji. Mara ya tatu mtasema nini?"

Goreti akataka kujibu. Konsolata akanielekea mimi.

"Wewe fundi, macho yako hayakuona. Msaidizi hakuona. Aliyesoma alikuwa msibani. Nikija tena, mimi nitajuaje?"

Nimetengeneza mashine nyingi, nimejibu maswali ya wakubwa wenye suti, na mwanamke yule na ungo wake alinikausha. Ni Goreti aliyesema, polepole, "Njoo uone kwa macho yako. Nitakupa chupa uzishike wewe."

Siku iliyopangwa walikuja karibu wote. Konsolata alifika mwisho, akasimama nyuma kabisa kwenye ukuta, bado ana uso wa mtu aliye tayari kuondoka. Goreti alitoa meza nje, akaweka chupa mbili, ile iliyokufa na iliyo hai, akaeleza kwa maneno machache. Kisha akamwita Konsolata azitikise. Watu wakampisha njia. Alizishika moja kila mkono, akazitikisa kwa nguvu, kama anayetikisa kibuyu cha maziwa, akaziweka mezani. Akavuta kigoda akakaa mbele yake, akazikazia macho.

Ilichukua muda. Watoto walilia, wanawake walianza kuulizana habari za mbegu na bei ya chumvi. Konsolata hakuondoa macho. Mwishowe akainama karibu zaidi, akainyanyua ile iliyotengana, akaielekeza juani.

"Hii ndiyo mliyonipa?"

"Ndiyo," Goreti alisema.

Akainyanyua na nyingine. Akazitazama tena zote mbili, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimejibanza karibu na mlango.

"Basi fundi achomwe kwanza. Kwa hii iliyo hai. Mbele yetu."

Vijana wangu, nilitafuta njia ya kukimbia. Wallahi, niliangalia kichochoro cha nyuma. Goreti alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Kunja shati, Shabani. Mutu anashika chuma cha kutu kila siku, pepopunda inakutafuta we kuliko hawa bote."

Nilifumba macho. Sikumbuki sindano yenyewe, nakumbuka mtu akinishika kwapani. Nilipofumbua, foleni nzima ilikuwa inacheka. Kulikuwa na bibi kizee amekaa chini kabisa kwa kicheko, analia machozi. Nami nikawa nacheka, mkono umekufa ganzi. Konsolata hakucheka sana, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akapandisha mkono wa gauni lake, akanyoosha mkono kwa Goreti.

Tangu siku ile wanawake wa mlima ule hawakubali kuchomwa kabla chupa haijatikiswa wakaona. Ikawa desturi. Hata chanjo isiyohitaji kutikiswa wanataka itikiswe, na wauguzi wapya waliokuja baada ya Goreti walinilalamikia kwamba nimewaharibia kazi. Niliwajibu kwamba mama anayedai kuona ni mama atakayerudi.

Friji zenyewe sasa zimebadilika. Siku hizi ziko za jua, hazina utambi wala moshi, na zina kidude ndani kinachoandika digrii mchana na usiku. Nilipofundishwa nilikuwa mzee kuliko mwalimu, akanieleza kwa heshima kama anayemlisha mgonjwa. Ni mashine nzuri. Lakini nimewahi kukuta kimoja cha vidude hivyo kinapiga kelele wiki nzima na mtu amekifunika kitambaa ili apate utulivu. Na leo essence, yaani mafuta ya magari, ikikosekana mjini, pikipiki ya kubeba chanjo imelala, na muuguzi anabeba kisanduku chake kichwani kama zamani. Kwa hiyo jifunzeni mashine mpya, jifunzeni sana, na kabla ya kugusa kitu muulizeni mwenye nacho anahifadhi nini ndani. Mimi ningeuliza swali hilo moja nisingepanda vilima vile kwa siku tatu.

Konsolata alichomwa ya pili baada ya mwezi. Mwezi ule nilipanda kila wiki bila kuitwa, kupima tu. Goreti hakuniuliza nimefuata nini.

Akajifungua kituoni, mtoto wa kike. Goreti alinipigia simu, sauti yake imechoka. "Amezaa. Bote bazima." Nikasema Alhamdulillah, kisha nikaanza kuhesabu siku.

Siku ya kwanza hadi ya tatu nilikula. Siku ya nne mke wangu aliniuliza mbona nageuza chakula tu kwenye sahani, nikasema tumbo. Siku ya tano nilikwenda madukani Asiatique kununua glasi ya taa, nikasimama mbele ya muuzaji nisikumbuke nimekuja kuchukua nini, akaniuliza kama nimefiwa. Simu ilikuwa mfukoni. Sikuthubutu kupiga, kwa sababu niliona nikiuliza nitajibiwa. Nilisali kuliko desturi yangu. Nilimwambia Mungu kosa ni langu, asimdai mtu mwingine. Siku ya sita ikapita, na ya saba. Asubuhi ya siku ya nane simu ikalia.

"Shabani," Goreti alisema, "kesho banatoa mutoto inje. Banakuita."

Huko kwa Warundi mtoto mchanga anakaa ndani na mama yake siku za mwanzo, kisha inachaguliwa siku ya kumtoa. Ndugu na majirani wanakuja, mama anavishwa taji la maua, mtoto anaonyeshwa kwa watu. Mwenzenu nilikuwa nimekwisha kwenda kwenye sherehe hizo mara nyingi, nikila na kuondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mwanamke aliyezaa mara mbili na hajawahi kutolewa hata mara moja.

Ua ulikuwa umefagiwa. Yule bwana mwenye kofia ya sufu alinikalisha mbele, akaniwekea Fanta bila maneno. Tukasubiri. Mlango ukafunguliwa, Konsolata akasimama kizingitini, taji la maua kichwani, mtoto kifuani ndani ya nguo nyeupe. Akasimama tu. Aliutazama ua, aliwatazama watu, na hakusogea. Nikaona hajui afanye nini baada ya hapo.

Mama mkwe wake akanyoosha mikono. "Toka, mwanangu," akamwambia. "Ni siku yako. Toka."

Akatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikalia mbele ya watu wote, wala sikujificha. Jua lilimpiga mtoto usoni, akaanza kulia kwa sauti kubwa ya hasira. Konsolata akaketi kwenye mkeka, akafungua nguo, akampa ziwa. Mtoto akatafuta, akakamata. Vigelegele vikakoma, ua mzima ukanyamaza, tukimsikiliza akinyonya.